Usiniitie Namba

Nyinyi mnaojifunza kushona, nisikilizeni kidogo halafu mtarudi kwenye simu zenu. Kila nikipita pale darasani kwenu nawaona mnampima mtu kiuno, mnaandika namba, mnatupa tepu shingoni, basi. Hakuna anayefungua kurasa za nyuma kuangalia mteja huyo alikuwa namba ngapi mara ya mwisho. Nikiuliza mnaniona mzee msumbufu. Leo nitawaambia kwa nini nauliza, na nawaonya mapema kwamba sehemu kubwa ya habari hii mimi mwenyewe sijaielewa mpaka leo. Nimeshona suruali mjini Nyeri zaidi ya miaka arobaini. Nina ugonjwa wa sukari, kaka yangu alikuwa nao, na mkiniuliza ugonjwa huo unatoka wapi hasa, nitakuna kichwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shabani wa Majengo. Baba yake alikuja huku zamani akiwa mpishi wa Wazungu, mama yake alikuwa Mkikuyu wa Tetu, kwa hiyo Mzee aliswali msikitini akatukana kwa Kikuyu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Changu kilimkera. Ati aliniambia siku ya kwanza kwamba Kiswahili changu kimekatwa bila kupimwa. Alikuwa mwembamba, mkali, na hakuvaa viatu kazini, maana alisema cherehani ya miguu inasikika kwa unyayo. Ukivaa kiatu hutajua mkanda unataka kukatika. Na mimi nikavua, nikakanyaga miguu mitupu mchana kutwa, mpaka jioni mapaja yanatetemeka.

Sasa, Mzee alikuwa na kawaida mbili ambazo nyinyi hamzijui. Ya kwanza ni inchi mbili za nyuma. Suruali ya mwanamume ukiifungua mshono wa nyuma, pale katikati, lazima ukute kitambaa cha ziada kimekunjwa ndani. Zamani wakati wa mkoloni hakuna aliyejali kitambaa hicho, maana mtu alivaa suruali moja miaka kumi na kiuno hakisogei. Lakini uhuru ulipokuja, watu waliokuwa wanashika jembe wakakalia viti. Huyu karani, yule meneja, yule amepewa gari na dereva. Mtu anaingia dukani akiwa thelathini na mbili, baada ya Krismasi tatu ni thelathini na nane. Basi wateja wenyewe wakawa wanaagiza: shona, lakini uniachie nafasi. Mzee alikiita kitambaa hicho akiba ya cheo.

Ya pili ni kuita namba. Anayepima haandiki. Anaita kwa sauti, na mwingine anaandika kwenye daftari. Pale dukani kulikuwa na benchi la wanaongoja, na halikukosa watu. Mzee akizungusha tepu kwenye tumbo la mtu akaita, "Arobaini!" benchi zima lilikuwa linashangilia. Watu walisema huyu amekula uhuru. Naye mwenye tumbo anajipigapiga, anacheka, anaagiza chai ya wote. Mtu mwembamba aliitiwa kwa sauti ya chini, kumsitiri.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika, na niliandika vibaya. Mara moja mwalimu mmoja aliitiwa ishirini na nane, na kwa sababu sauti ilikuwa ya chini mimi nikaandika arobaini na mbili, kwa kubahatisha. Mwalimu wa watu alikuja kuchukua suruali akaingia miguu yote miwili kwenye mguu mmoja. Mzee alinivalisha mimi suruali ile na mkanda wa kamba, nikakaa nayo dukani siku nzima, na kila aliyeingia aliniuliza habari za mwalimu. Tangu siku hiyo sijaandika namba ambayo sijaisikia vizuri.

Aliyenipeleka kwa Mzee Shabani kwa mkono wake ni kaka yangu Macharia. Yeye kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na baba yetu alikuwa amekufa, kwa hiyo Macharia ndiye baba niliyemjua. Alianza kazi ya kupima kahawa kwenye kiwanda cha ushirika kule nyumbani. Alikuwa anatembea mteremko na mlima kila siku, na wakati huo kiuno chake kilikuwa thelathini na moja. Baadaye akafanywa karani, halafu karani mkubwa, na pikapu ya chama cha ushirika ikawa inamchukua mlangoni asubuhi na kumrudisha jioni. Kutembea kukaisha. Chai yake ilikuwa ya maziwa mazito na sukari vijiko vinne, na mchana alikuwa mtu wa nyama choma kama wakubwa wote wa wakati ule. Mimi ndiye niliyefungua zile inchi mbili zake, nikashona suruali mpya, nikafungua tena. Kiuno kilipofika arobaini, Mzee aliita namba mpaka ng'ambo ya barabara wakasikia. Nilijisikia fahari kama tumbo ni langu.

Halafu akaanza kurudi nyuma.

Mara ya kwanza alikuja na suruali imelegea, nikampima mimi, maana Mzee macho yalishaanza kumsumbua. Nikaita kama kawaida, thelathini na nane. Benchi halikujua lishangilie au linyamaze. Macharia akacheka akasema siku hizi anatembea kidogo. Nikaamini. Nikafurahi hata.

Na msinicheke, nilikuwa na sababu ya kufurahi. Wakati huo tulikuwa tunapata kazi nyingi za vijana wa Kiganjo, wale wanaofundishwa upolisi. Kijana anaingia mafunzoni na kitambi cha kwao, anakimbizwa miezi kadhaa, na akitoka nguo zake za nyumbani zote zinamwanguka. Tulikuwa tunapunguza suruali zao kwa mafungu. Walikuwa na nguvu kama ng'ombe dume. Kwa hiyo kichwani mwangu, suruali ikipungua ni mwili umekaza. Kama mtu angeniambia kuna kupungua kwa afya na kuna kupungua kwa kuyeyuka, na tepu haiwezi kuvitofautisha, ningemwona mwongo.

Mara ya pili alikuja saa ya chakula cha mchana, benchi likiwa karibu tupu. Alisimama karibu sana na mimi. "Wambugu," akaniambia polepole, "usiniitie namba leo."

Nikapima kimya, nikajiandikia mwenyewe. Thelathini na sita. Alikaa kidogo akanywa soda mbili moja kwa moja, akaenda choo cha nyuma ya duka mara tatu kabla sijamaliza kushona upande mmoja. Nikamuuliza kama anaumwa. "Niko sawa," akasema. "Ni hii jua tu." Lakini ilikuwa Julai, jameni, Julai ya Nyeri, ukungu mpaka mlangoni, na mimi nimevaa sweta mbili.

Dereva wake alikuwa ametuchekesha wiki hiyo hiyo. Walitoka Sagana na mbolea, na kutoka Sagana mpaka Nyeri karani mkubwa alisimamisha gari mara tano kuingia majanini. Tulicheka sana. Mimi nikasema ni soda nyingi hizo. Halafu, kwa sababu nilimpenda na nilimwona ana kiu, Jumamosi nikampelekea kreti nzima ya soda nyumbani kwake. Niliibeba begani mwenyewe. Siku hizi nikiikumbuka kreti ile nakaa chini.

Na kuna hili la pini. Nilikuwa nimepiga magoti nampimia urefu wa suruali, pini mdomoni, nabana upindo wa chini. Pini moja ikapita kitambaa ikaingia kwenye ngozi, kando ya kifundo cha mguu. Haikukwaruza, iliingia. Nikaona damu kwenye soksi. Nikainua macho kuomba msamaha, nikamkuta anaangalia barabarani, anaongea habari za mvua. Hakushtuka hata kidogo. Sasa nyinyi mnajua sisi tulivyolelewa: mwanamume anapokatwa jandoni hatikisi hata kope, na akitikisa wataimba habari zake mpaka azeeke. Mimi nikaona kaka yangu ni mwanamume wa kweli. Nikawahadithia watu wa benchi kwa majivuno. Kumbe mguu ulikuwa umekufa ganzi, hakusikia chochote. Nani angenifundisha kwamba ushujaa na ugonjwa vinaweza kuonekana sura moja?

Wakati huo chama cha ushirika kilikuwa kinatafuta mwenyekiti mpya, na Macharia alitaka kiti hicho kuliko kitu chochote. Watu walimpenda. Lakini maneno yalishaanza kutembea: karani mkubwa amekonda, karani mkubwa ana kifua, karani mkubwa ameguswa na mkono wa mtu. Hakuna anayempigia kura mtu anayeonekana anaenda kaburini. Basi akaniletea koti lake la zamani, lile la arobaini, linaninginia mabegani kama limesahauliwa kwenye msumari.

"Nataka linirudishe vile nilikuwa," akasema. "Jaza mabega. Jaza na hapa mbele. Wewe ni fundi."

Na mimi ni fundi. Nilifanya kazi hiyo kama sijawahi kufanya kazi nyingine. Nilinunua pamba, nikaipanga tabaka kwa tabaka chini ya bitana, nikaishona kwa mkono isikusanyike, nene kifuani, nyembamba kuelekea ubavuni, mpaka ukilivaa koti lile kioo chenyewe kinadanganyika. Mzee Shabani alikuwa amekaa mlangoni. Macho yake hayakuona vizuri tena, lakini alinyoosha mkono akapapasa koti, akakaa nalo magotini muda mrefu.

"Wambugu, hii pamba ni ya nini?"

Nikamwambia ni mtindo mpya. Akanirudishia koti, akageuza kiti chake kuelekea barabarani.

Nilipokuwa nashona pamba ile ndipo baba aliponijia kichwani. Nilikuwa mdogo alipokufa, kabla ya uhuru, ninachokumbuka ni maji. Mama anateka, baba anamaliza. Kibuyu kinajazwa, kinaisha. Alikonda mpaka blanketi lilionekana zito juu yake, na watu walisema amelaaniwa kwa kuhamisha mpaka wa shamba. Nikaliangalia koti, nikafikiri: baba na maji, Macharia na soda. Halafu nikasukuma wazo hilo pembeni, maana laana ya mpaka inahusiana vipi na karani aliyeshiba? Nikatia uzi kwenye sindano. Kichwa changu kilikuwa kinazunguka, na mtu ambaye kichwa kinazunguka anapenda kazi ya mikono.

Siku mbili kabla ya kura akaja Sista Grace, muuguzi wa hospitali pale mjini, kujaribu gauni la kazi. Alikuwa mama mfupi mwenye maneno machache. Wakati nabana mikono ya gauni, macho yake yalikuwa kwenye msumari ukutani. Nilikuwa nimetundika koti la Macharia, na suruali yake mpya chini yake.

"Fundi, hii koti na hii suruali ni ya mtu mmoja?"

Nikasema ndiyo, ni za kaka yangu. Aliishika suruali kiunoni, akaigeuza, akaona thelathini na tatu kwa chaki. Akashika koti, akalibonyeza kwa kidole. Akaniuliza kama mwenyewe anakunywa maji sana. Nikasema soda. Akauliza kama anakojoa sana, kama anaona vizuri, kama ana kidonda kisichopona. Nikakumbuka kile kidonda cha pini, ambacho kilikuwa kinatoa maji mpaka wakati huo. Sista akavua gauni likiwa na pini zake akasema nimlete kaka yangu kesho asubuhi kabla hajala.

Nilienda mpaka kiwandani kumwambia. Macharia alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atakwenda baada ya kura. Akionekana kwenye mstari wa hospitali siku moja kabla, amekwisha. "Siku mbili tu, Wambugu," akasema. "Nimekaa hivi mwaka mzima, siku mbili zitanifanya nini?" Nami sikujua ugonjwa wenyewe ni kitu gani. Ningeweza kumwambia mkewe. Ningeweza kukataa kumpa koti. Nililipiga pasi, nikampelekea. Hilo nimelibeba na sitaki mtu anisaidie kulibeba.

Mkutano ulikuwa pale uwanja wa kiwanda, juani, watu wamekaa juu ya magunia. Macharia alisimama na koti lake, na kwa kweli alipendeza. Wazee waliokuwa na wasiwasi niliwaona wanatikisa vichwa kukubali, huyu ni mzima bwana. Alianza kuongea vizuri. Halafu ulimi ukawa unashikana, akaomba maji, akapewa, akanywa, akaomba tena. Alikaa kabla hajamaliza. Watu wakapiga makofi wakidhani amemaliza. Alipoteleza kutoka kwenye kiti nilikuwa mbali, nikaruka magunia.

Tulimpeleka hospitali kwa ile pikapu ya chama. Pumzi yake ilikuwa fupi, macho yamefunguka lakini hayaoni mtu. Daktari alipotaka kumsikiliza kifua hakusikia kitu, akasogeza kile chombo huku na huku, akakata koti kwa makasi, na pamba ikatoka. Ilitoka nyingi. Ilianguka sakafuni, nyingine ikabaki kwenye mikono yake, naye akaniangalia kama naweza kumweleza. Sista Grace alikuwa pale. Aliokota kipande cha bitana akaangalia mshono.

"Hii kazi ni yako?"

Nikasema ndiyo.

"Ni kazi nzuri," akasema, akageuka kushughulikia mgonjwa.

Walichukua mkojo wake. Enzi hizo hakukuwa na hivi vimashine vya kudonoa kidole. Waliutia kwenye kichupa cha kioo na dawa ya buluu, wakakichemsha juu ya moto mdogo. Nilikuwa nimesimama mlangoni na hakuna aliyenifukuza. Mimi ni mtu wa rangi, naweza kutofautisha buluu kumi na mbili. Dawa iliondoka kwenye buluu ikawa kijani, ikawa manjano, ikaendelea, ikasimama kwenye rangi ya tofali. Nikadhani ni damu. Sista akaniambia si damu, ni sukari, na kaka yangu anayo nyingi sana.

Sukari! Mtu anakufa kwa sukari? Kitu tunachowapa watoto wanyamaze?

Alilala siku nne bila kunijua. Walimtia maji kwa mshipa, wakamdunga insulini, na mimi nilikaa kwenye kibaraza cha wodi nikisubiri mtu atoke aniambie sina kaka. Sista Grace alikuwa anapita, na kila akipita nilimuuliza swali. Ni ile chai ya vijiko vinne? Akasema sukari ya chai peke yake haileti ugonjwa hivyo moja kwa moja, ila inasaidia kunenepesha, na mafuta ya tumboni ndiyo yana shida. Akanieleza kwamba kuna kiungo nyuma ya tumbo, kongosho, kinachotoa ile insulini, na insulini ndiyo inayofungulia chakula kiingie mwilini kikawe nguvu. Tumbo likijaa mafuta na mtu akikaa tu, mwili unaacha kuisikia. Kongosho linazidisha kazi mpaka linachoka. Sukari inabaki kwenye damu, inatoka kwa mkojo na maji yote ya mwili. Ndiyo maana ile kiu, na ndiyo maana mtu anakula na bado anayeyuka.

Nikafikiri nimeelewa. Nikamwambia basi ni ugonjwa wa wanene. Akasema hapana, kuna wembamba wanaupata, hata watoto wadogo, mwili wao unaacha kabisa kutoa insulini, na hao hawakufanya kosa lolote. Nikamwambia mbona namjua mwenye bucha pale sokoni, kiuno arobaini na nne, chai yake ni uji wa sukari, na anabeba nusu ng'ombe peke yake? Akasema hawezi kuniambia kwa nini huyu na si yule. Ni mambo yanayojumlishana: tumbo, kukaa, umri, presha, na damu ya ukoo. Halafu akaniuliza baba yetu alikufa na nini.

Nikafungua mdomo kusema laana ya mpaka. Nikasema, "Maji." Nikalia pale kibarazani mchana kweupe, watu wakipita na sufuria za wagonjwa wao.

Akaniambia basi na mimi nijipime, maana damu ni moja. Nilicheka katikati ya machozi. Mimi wa inchi ishirini na tisa, ninayekanyaga cherehani tangu asubuhi? Alinipima, sikuwa nayo. Akasema huenda miguu hiyo ndiyo inanilinda, na nisiiache. Lakini miaka ikaenda, zikaja cherehani za stima. Unagusa kwa ncha ya kiatu, inakimbia yenyewe. Nikanunua, nikajiona nimeendelea. Nilikaa kwenye kiti miaka sita, nikafungua inchi mbili zangu mwenyewe, na nilipoanza kuamka kwenda haja sikungoja mtu aniulize. Nilikwenda na mkojo wangu mkononi. Walinipata mapema. Hivyo mnaponiona natembea kutoka nyumbani mpaka mjini kwa mguu na mnanipigia honi, mjue sikukosa nauli.

Kaka yangu aliamka siku ya tano. Kiti cha mwenyekiti kilichukuliwa na mtu mwingine. Aliogopa sindano kuliko mtoto, yeye wa kutoshtuka pini, kwa hiyo miezi ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa namdunga, bomba la kioo likishachemshwa. Kidonda cha pini kilimla vidole viwili vya mguu. Hakuwahi kunilaumu. Aliishi nao ugonjwa miaka mingi, akala bila vijiko vinne, akarudi kutembea ule mteremko na mlima. Mimi ndiye ninayejilaumu, na nikianza tena kuuliza ni kreti, ni koti, ni baba, ni pikapu, bado sipati mwisho.

Lakini nataka mjue siku aliyorudi dukani. Ilikuwa siku ya soko, benchi limejaa, wengine wamesimama. Aliingia na fimbo, mguu umefungwa kitambaa, amevaa shati tu, na kila mtu alimwona alivyo. Watu wakaangalia pembeni, kumsitiri. Chini ya kwapa alikuwa na lile koti, lililokatwa kwa makasi. Akaliweka juu ya meza yangu.

"Toa yote."

Nikafumua mbele yao. Mzee Shabani mlangoni alikuwa anasikia wembe ukipita kwenye uzi. Pamba ikajaa meza, nikaisukuma ndani ya gunia. Macharia akasimama wima, akainua mikono kidogo kama mtu anayetaka kupimwa. Nikazungusha tepu. Nikasoma, nikachukua kalamu niandike.

"Ita," akasema.

Nikaliangalia benchi, nikaiangalia tena tepu. Akaningoja. Mzee Shabani akasema kutoka mlangoni, "Wambugu, mteja amesema ita."

"Thelathini na moja!" nikaita.

Hakuna aliyepiga kofi. Macharia akageuka, akaliangalia benchi lote, mtu mmoja mmoja.

"Nimeshikwa na ugonjwa wa sukari," akasema. "Baba yetu alikuwa nao, tukasema ni laana. Kiu, kukojoa, kukonda. Mliniona mwaka mzima. Hata mimi nilijiona."

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa meneja mmoja wa duka la mbegu, rafiki wa Macharia, mtu tuliyezoea kumshangilia kila Desemba. Alikuwa na soda mkononi, ya pili. Aliiangalia ile chupa, akainama akaiweka chini, taratibu, karibu na mguu wa benchi.

"Fundi," akaniambia, "fungua daftari. Niangalizie mimi mwaka jana nilikuwa ngapi."